Arduino ndani ya gari: isizimike ukipiga stata

Kifaa changu cha kwanza cha garini kilikuwa Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta unayoipangia programu mwenyewe, ya kusoma joto la injini. Mezani ilifanya kazi wiki nzima bila kusita. Garini, kila nilipopiga stata ilizimika na kuanza upya, na siku ya tatu nikasikia harufu ya kitu kinaungua.

Kosa langu ni kuliamini neno "volti 12". Betri iliyotulia ina 12.6, injini ikiwaka alteneta huzifikisha 14.4 hivi, na stata ikivuta zinaweza kuporomoka hadi 6. Hayo ni ya kila siku. Waya wa betri ukichomoka alteneta ikiwa inachaji, volti zinaweza kuruka hadi karibu 100 kwa sehemu ya sekunde. Kidhibiti cha volti kilichomo kwenye Uno kinapendelea 7 hadi 12, kwa 14.4 na miliampea 200, karibu wati 2 zinageuka joto. Ndiyo ile harufu.

Siku hizi naanza na fyuzi ya ampea 1, pale pale ninapochukulia umeme. Ukiiweka karibu na bodi, waya ukichunika njiani haitakusaidia. Kisha dayodi ya TVS, yaani ya kuzuia volti zinazoruka ghafla, SMCJ24A, kati ya chanya na hasi. Hukaa kimya mpaka volti zipite 27 hivi, halafu hukibana kilele kisizidi takriban 39. Ukikosea ukageuza nyaya, TVS hiyo hiyo inakata fyuzi, na kubadilisha fyuzi hakuumi.

Baada yake dayodi ya Schottky SS36, inayopitisha umeme upande mmoja tu, halafu kapasita ya mikrofaradi 2200, volti 63. Hapa ndipo ugonjwa wa stata ulipopona. Volti za gari zikianguka, dayodi inaizuia kapasita isirudishe akiba yake kwenye stata, na bodi inaendelea kula akiba hiyo mpaka volti zinyanyuke.

Kushusha hadi volti 5 natumia chipu ya LM2596HV. Toleo la kawaida kikomo chake ni 45, karibu mno na ile 39 kwa moyo wangu. HV inafika 60. Soma maandishi ya chipu yenyewe, usiamini ya kwenye pakiti. Irekebishe kwa mita kabla ya kuunganisha bodi, kisha ingiza kwenye pini ya 5V, si Vin inayopitia kile kidhibiti cha Uno. Ukitaka kuchomeka USB, chomoa kwanza umeme wa gari.

Waya wowote wa gari unaoleta ishara, kama wa swichi ya mlango, usiupeleke moja kwa moja kwenye pini. Mimi naupitisha kwenye optokapla PC817, inayopitisha ishara kwa mwanga wa taa ndogo iliyo ndani yake, na rezista ya kiloomu 2.2, na dayodi ya 1N4148 iliyogeuzwa sambamba na taa hiyo. Hasi zote za kifaa nazikutanisha sehemu moja.

Bodi ya majaribio ya kuchomeka nyaya iache mezani, mtikisiko utazilegeza. Lehemu kila kitu, na nyaya zifunge zisining'inie.

Mwisho nawasha taa zote na kupiga stata mara kumi mfululizo. Programu yangu huhifadhi kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, idadi ya mara ilizoanza upya. Namba ikiongezeka hata kwa moja, narudi kwenye kapasita.