Mashine ya boti isisogee kwenye tezi: namna ninavyoifunga hapa Wesha, Pemba

"Fundi, mashine inacheza. Nimeikaza asubuhi, adhuhuri imelegea tena."

Maneno haya nayasikia kila kusi likipamba moto. Safari hii aliyekuja nayo ni nahodha wa boti ya faiba yenye Yamaha Enduro ya farasi 40, anayepeleka wavuvi nje ya kisiwa cha Misali. Mashine ilikuwa imehama kushoto kiasi cha upana wa kidole. Alichotaka ni nimkazie nati aondoke na maji. Nikamwomba tuitazame kwanza. Ile alama ya rangi ya kucha niliyompigia mwaka jana, kutoka kwenye nati kupita wosha mpaka kwenye faiba, ilikuwa imenyooka vilevile. Nati haikuzunguka hata chembe. Ila wosha ilikuwa imezama. Nilipofungua bolti ya chini yakamwagika maji ya rangi ya chai kavu, na nilipotia bisibisi kwenye tundu, ubao wa ndani ukatoka kama machicha.

"Nahodha, nati yako nzima. Kilicholegea ni ubao."

Ndiyo maana ya mwongozo huu. Wengi wetu tukiona mashine imesogea tunakimbilia spana, tunaongeza nguvu, na kila tunapoongeza tunaiponda zaidi tezi, yaani ule ukuta wa nyuma wa boti unaobeba mashine, iliyokwisha kuoza.

Elewa kwanza kinachoishika mashine. Bolti ikikazwa inavutika kidogo sana, kama mpira wa manati, na mvuto huo ndio unaoibana breketi, kile chuma cha kufungia mashine, kwenye tezi. Mbano huzaa msuguano, na msuguano ndio unaokataa mashine isiteleze. Bolti haikuwekwa pale iwe msumari wa kutundikia kitu. Ubao ukinywea milimita moja tu, mvuto wote unakwisha, hata kama nati haijageuka.

Tatizo hili si la boti peke yake. Kuna watu Marekani wanaowinda kwa bastola kubwa zilizofungwa darubini juu, kama zile za risasi ya .44 Magnum iliyotoka 1955. Bastola ikilia inaruka nyuma ghafla, lakini darubini kwa uzito wake inataka kubaki ilipokuwa. Pete zinazoishika zikiwa na mafuta, au zikiwa zimegusa upande mmoja tu, darubini huteleza. Mafundi wao hawatibu kwa kukaza mpaka skrubu ikatike. Wanafuta mafuta, wanahakikisha pete imekaa sawasawa, wanaongeza pete ya tatu, na wanatia kizuizi cha chuma kinachoingia kwenye mfereji ili pigo lisibebwe na msuguano peke yake. Sisi tunapambana na jambo hilohilo. Boti ikidondoka kutoka juu ya wimbi, propela inatoka majini, mashine inalia juu kwa juu, kisha inauma maji tena kwa kishindo. Hesabu mapigo hayo kwa saa tatu za Mkondo wa Pemba mwezi wa Julai.

Hatua ya kwanza: pandisha boti na uigonge tezi. Subiri bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, upate muda wa kutosha chombo kikiwa mchangani. Shusha mashine kabisa. Usifanye kazi hii ikiwa imening'inia. Chukua nyundo ndogo, gonga tezi nzima kuanzia pembeni kuja katikati. Ubao mzima unajibu kwa mlio mkavu, ubao uliolowa unajibu mzito kama unagonga gunia la mchele. Zunguka kila tundu la bolti polepole, maana uozo huanzia hapo. Ukisikia uzito eneo la kiganja au zaidi, acha. Tezi hiyo inataka kufunguliwa na kutiwa ubao mpya, na hakuna bolti itakayoiokoa. Najua ni gharama. Lakini mashine ikidondoka nje ya Misali utapoteza mashine, na huenda ukapoteza na watu.

Hatua ya pili ni matundu, na hapa naomba usiwe na haraka. Kama uozo umezunguka tundu tu, chimba mpaka upate ubao mkavu wenye rangi yake ya asili. Kwa bolti ya milimita 12 mimi napanua tundu mpaka 20. Acha likauke siku mbili au tatu kwenye jua na upepo, na usiku lifunike umande usiingie. Paka kwanza epoksi nyepesi (gundi ngumu ya kuchanganya) ndani ili ubao uinywe, kisha ziba upande mmoja kwa utepe wa karatasi wenye gundi na ujaze epoksi iliyokolezwa, nzito kama ugali mwepesi. Siku ya pili toboa tena katikati ya epoksi, safari hii kwa kipimo cha bolti yako. Sasa bolti inapita ndani ya bomba la epoksi, haigusi ubao hata kidogo. Maji yakipenya siku moja, hayatakuta kitu cha kuozesha. Na epoksi haipondeki kama ubao, kwa hiyo mbano unabaki.

Baada ya hapo chukua biti pana upanue mdomo wa tundu kidogo, uwe kama kisahani. Mfereji huo mdogo ndio utakaobeba pete ya gundi. Ukiacha mdomo mkali, gundi yote inakamuliwa nje unapokaza na hakibaki kitu.

Hatua ya tatu: safisha panapogusana. Breketi upande wa ndani huwa na grisi, chumvi na rangi ya zamani iliyovimba. Kwangua, piga msasa, futa kwa asetoni na kitambaa safi, kisha usipaguse kwa mkono. Weka rula juu ya tezi uone kama pana bonde. Bonde lijaze kwa epoksi na ulisawazishe, kwa sababu breketi inayogusa sehemu mbili tu itatafuta pa kukaa kila wimbi likipiga, na inapotafuta ndipo inapotembea. Wapo wanaoweka kipande cha tairi hapo katikati wakisema kinapunguza mtikisiko. Mimi sikubaliani nalo kabisa. Mpira unanywea mwezi hadi mwezi, na mbano unakwenda nao.

Urefu wa kukalisha mashine nitaupita haraka: lile bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au lishuke lisizidi milimita 25. Pima kwa ubao ulionyooka.

Hatua ya nne, bolti zenyewe. Tumia stenlesi ya 316, nne, na nati zenye nailoni. Zile skrubu mbili za kubania kwa mkono hazitoshi mashine ya ukubwa huu, ziache zisaidie. Ndani ya boti usiweke wosha ndogo iliyokuja na bolti. Weka bamba la stenlesi la milimita 4 linalopita bolti mbili pamoja, upande kwa upande, ili nguvu igawike. Bolti za juu zihurumie zaidi: propela inasukuma mguu wa mashine mbele, sehemu ya chini ya breketi inajikandamiza kwenye tezi na ya juu inavutwa kwenda nyuma.

Gundi ni ile ya poliyurethani ya mrija, aina ya Sikaflex. Usitumie silikoni inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi, na asidi inakula chuma. Paka ndani ya tundu, kwenye kile kisahani cha mdomo, na chini ya kichwa cha bolti. Chini ya breketi usijaze, zungushia tundu tu. Wazee wetu walikaa siku nzima wakitia kalafati ya pamba mshono baada ya mshono ili jahazi lisinywe maji. Wewe una matundu manne.

Sasa kukaza. Kichwa cha bolti kilichoko nje kishike kwa spana kisizunguke, na ugeuze nati iliyoko ndani. Ukizungusha bolti unaikata gundi uliyoipaka sasa hivi. Kaza kwa msalaba: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto, mzunguko wa kwanza nusu ya nguvu, wa pili nguvu kamili. Tia grisi kidogo sana kwenye nyuzi na ukaze taratibu kwa mkono, kwani stenlesi juu ya stenlesi ikipata moto hukamatana, na nati ikikamatana katikati dawa yake ni msumeno. Ukiona faiba inaanza kuingia ndani chini ya bamba, simama hapohapo. Tezi inakuambia kuwa hatua ya kwanza uliifanya kwa haraka.

Kuhusu wosha ya springi, ile iliyokatwa: siiweki. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alichapisha majaribio yake ya kutikisa bolti kwa ubavu, akaonyesha kwamba viungo vikishaanza kuteleza upande kwa upande nati hujifungua yenyewe. Wosha ile haiwezi kuzuia hilo. Nati ya nailoni inasaidia, lakini ni ya kutumia mara moja, ukiifungua, itupe. Kilicho bora kuliko vyote ni mbano wa kutosha kiungo kisiteleze tangu mwanzo.

Mwisho chukua rangi ya kucha, nyekundu inaonekana vizuri, upige mstari mmoja kutoka ncha ya bolti, kupita nati na bamba, mpaka kwenye faiba. Rangi ya kucha ikikauka inakatika vizuri, ndiyo maana naipenda kuliko kalamu. Nje piga mstari mwingine pembeni ya breketi. Itazame baada ya safari ya kwanza, kisha baada ya saa 10 za kazi, kisha kila bamvua. Mstari wa nati ukikatika, nati imezunguka: badilisha nati. Mstari wa nati mzima lakini wa breketi umeachana, ubao umenywea: rudi kwenye nyundo. Na siku zote funga mnyororo kutoka kwenye mashine mpaka kwenye pete iliyofungwa mbali na tezi.

Boti ya yule nahodha ilinichukua siku sita, nne kati yake kungoja ubao na epoksi vikauke, naye alikuja kila alasiri kuuliza. Juzi aliipandisha tukasoma alama pamoja, kidole juu ya kila nati. Zote nne zimenyooka, na bamba limelala juu ya faiba bila kuacha bonde. Nimemwambia anirudie bamvua ijayo.