Kurekebisha rimu na mikwaruzo ya rangi nyumbani kwa mteja, Mwanza

Mteja akipiga simu kutoka Isamilo au Capri Point akasema gari "limechubuka kidogo tu", mwombe picha mbili kabla hujapakia vifaa: moja ya karibu, nyingine ya pembeni kwa mbali. Hiyo ya pembeni ndiyo humuumbua, kwa sababu inaonyesha kama bati limebonyea. Bati lililobonyea, rimu iliyopinda au yenye ufa, na kupaka mlango mzima ni kazi za gereji. Kataa mapema. Uani kwa mtu tunafanya rimu zilizochunwa na mawe au kingo za barabara, kona za bampa na mikwaruzo isiyozidi kiganja.

1. Chagua saa

Kazi nyingi za huku huharibikia hapa. Mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo hutoka ziwani na kupeperusha vumbi la barabara za mlimani. Jioni taa zikiwaka, wadudu wa ziwani huja kama wingu, na klia mbichi (tabaka la juu linalong'aa, lisilo na rangi) inawanasa wote. Mimi napulizia umande ukishakauka, na ikifika saa tano nimeshafunga kopo. Masika, Machi hadi Mei, usimwahidi mtu siku, mwahidi wiki.

Egesha palipo tambarare, uweke jiwe mbele na nyuma ya tairi kabla ya jeki. Mawe hayo hutayabeba kutoka kwako, Mwanza yamejaa.

2. Soma namba ya rangi

Usikisie kwa macho. Toyota nyingi zilizotoka Japani zina kibati kwenye chumba cha injini au nguzo ya mlango, tafuta C/TR. Herufi na namba za mwanzo ndizo rangi: 040 nyeupe, 202 nyeusi, 1F7 ya fedha. Ukikuta 070, nyeupe ya lulu, ni afadhali uiache: ina tabaka tatu, na kiraka chake hujionyesha toka ng'ambo ya barabara. Hata namba ikiwa sahihi, jua limeshafifisha gari, kwa hiyo pulizia kwanza kipande cha bati, kikauke, ukilinganishe juani.

3. Osha, kisha futa mafuta

Sabuni na brashi hutoa matope na vumbi la breki, lakini haziondoi silikoni ya kung'arishia tairi. Silikoni ikibaki, rangi itajikunja na kuacha vijishimo kama macho ya samaki. Tumia dawa ya kuondoa mafuta na vitambaa viwili, cha kupaka na cha kukaushia.

4. Rimu

Fungua gurudumu kwenye gari, lakini tairi haina haja ya kutolewa kwenye rimu. Punguza upepo kidogo, chomeka karata zilizochakaa kati ya mpira na rimu kuzunguka yote. Piga msasa namba 240 hadi ncha kali ziishe, jaza mashimo kwa fila ya aluminiamu, kisha 400. Praima (rangi ya msingi) mara mbili nyepesi, kisha rangi, kisha klia. Kopo likae kama sentimita 20, na subiri dakika 10 hadi 15 kati ya tabaka na tabaka. Ziba matundu ya nati na uso wa nyuma unaokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu). Rangi ikiingia hapo huja kusagika, na nati zikalegea.

5. Mikwaruzo ya bodi

Pitisha kucha. Isiponasa, msasa wa maji 2000 na polishi vinatosha, ila kwa mkono mwepesi: klia ni nyembamba kuliko unywele. Ikinasa, jaza na upake. Bampa lililochunika hadi plastiki linahitaji praima ya plastiki kwanza, la sivyo rangi itabanduka kama ganda.

Klia yenye hadina (dawa ya kuigandisha) ni ngumu zaidi, lakini mimi siipulizii uani. Ina isosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haiizuii. Kuna watoto hapo, na dirisha la jikoni liko wazi. Tumia ya kopo isiyo na hadina, umwambie mteja wazi kwamba petroli ikiimwagikia italainika.

6. Kurudisha tairi

Rudisha upepo, kaza nati kwa mpangilio wa msalaba, moja kisha ya mkabala wake, si kwa kuzunguka. Toyota ndogo nyingi hutaka nguvu ya kukazia ya nyutoni mita 103. Mwambie mteja asipitishe gari kwenye mashine ya presha kwa wiki nzima, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 80 hivi. Kama ana safari ya Shinyanga, azikaze njiani akishapita Misungwi.