Kabla hujabeba godoro kwenda hosteli ya chuo: mambo ya kuzingatia kwa mwaka wa kwanza

Kila ikifika mwezi wa tisa simu yangu inajaa meseji za wadogo zangu waliochaguliwa chuo, na swali la kwanza ni lile lile, eti kaka ninunue godoro la nchi ngapi. Nawajibu nchi nne inatosha, mbili na nusu kwa sita, ila ulizia kwanza maana hosteli nyingine wanakupa godoro na utakuwa umebeba mzigo bure toka Kigoma mpaka Mbezi stendi. Kiukweli godoro sio ishu, utalipata hata saa mbili usiku pale Mwenge. Ishu ni wale watu watatu au watano ambao hamjawahi kuonana na mtakaa chumba kimoja mwaka mzima, hao huwezi kwenda kuwachagua dukani.

Tuanze na chumba chenyewe kwanza. Kuchaguliwa chuo ni kitu kingine na kupata chumba ni kitu kingine, wengi mnadhani barua ya kujiunga ndo ina kitanda ndani yake. Chukua UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, kuna mabweni ya zamani yale ya Hall 1 mpaka Hall 7, kuna Mabibo ambayo iko nje ya kampasi unapanda gari kwenda darasani, alafu mwaka 2017 zikafunguliwa zile hosteli za Magufuli, majengo 20 ya watu 3,840, ukigawa ni kama watu 192 kila jengo, yaani kijiji kizima kimepangwa ghorofa, na bado kila mwaka kuna watu wanalia hawajapata. Kwahiyo omba mapema kwenye akaunti yako ya mwanafunzi, dirisha likifunguliwa tu usisubiri kesho, na malipo ni kwa kontrol namba basi. Mtu akikwambia ana kitanda anauza umrushie hela kwenye simu yake achana nae, hata kama kitanda ni kweli kipo kina jina la mtu mwingine, siku wodeni akipita na karatasi yake utatoka na begi lako na hela huioni tena.

Hapo hapo nizungumzie kubebana maana kwenye barua ya kujiunga hawatakuandikia. Kubebana ni pale mwenye chumba anamchukua mshkaji wake aliyekosa wanalala kitanda kimoja, chuo kinakataza na msako unapita, ila watu wanabebana miaka yote. Mimi nimebebwa muhula mmoja na mwaka uliofata nikambeba mtu, kwahiyo siwezi kujifanya malaika hapa. Ninachosema ni waulize wenzako wa chumbani KABLA hujamleta mtu, sio waamke asubuhi wakute miguu minne kitandani kwako. Chumba chetu cha watu wanne kilifika watu saba, na ugomvi wala haukuwa wa sheria za chuo, ulikuwa wa maji, maana mtu alichota dumu lake la lita ishirini usiku kwa foleni, asubuhi anakuta limebaki la kusukutua.

Vitu vya kubeba nitavipitia haraka, ndoo yenye mfuniko na dumu (andika jina kwa maka peni, ndoo zote za bluu zinafanana), kufuli mbili nzuri sio zile za buku, ndala, chandarua, ekstensheni, pawabenki, shuka mbili, na kopi za vyeti vyako vyote pamoja na pasipoti saizi za kutosha maana wiki ya usajili kila dirisha wanataka picha. Feni ndogo kama unakuja Dar na umetoka Njombe, utanikumbuka. Koili na hita ya kuchemshia acha nyumbani, najua utasema kila mtu anayo, ndio kila mtu anayo na ndo maana umeme unakata ghorofa nzima kisa kuna mtu anachemsha mayai, na nimeona waya umeyeyuka ukutani mpaka ukaacha alama nyeusi kama kiganja, ilikuwa usiku na deka (kitanda cha juu na chini) ya jamaa imegusana na ile soketi.

Sasa kwenye rumeti. Ushauri wangu ni mmoja, usiku wa kwanza mkiwa wote mmefika nunueni chipsi mkae chini muongee, mapema wakati bado mnaoneana aibu na kila mtu ni mstaarabu, mkisubiri mpaka mtu akerwe hapo sio maongezi tena ni kesi. Muongee taa inazimwa saa ngapi, nani anafagia lini, mgeni akija anakaa mpaka saa ngapi, nani anaamka mapema, nani anasali saa ngapi, na kukopana, hii ya kukopana msiione ndogo. Sabuni, dawa ya mswaki, sukari, chaja. Sisi tulikubaliana sukari na chumvi ni vya wote tunachanga, chaja na taulo ni vya mtu binafsi hata uwe unakufa, na aisee iliokoa vitu vingi. Tulichosahau kuongea ni alamu. Tulikuwa na jamaa anaweka alamu saa kumi na nusu alfajiri ili akasome, inalia dakika kumi, sisi watatu tumeamka yeye anakoroma, na akiamka saa moja anatulaumu kwanini hatukumwamsha. Ilichukua wiki sita mtu kupata ujasiri wa kumwambia, wiki sita! Alipoambiwa wala hakukasirika, alishangaa tu, akaanza kwenda kusoma usiku kwenye vimbweta, zile meza na mabenchi ya nje ya kusomea, anarudi saa nane ananyata kama mwizi.

Na usijifungie na watu wa chumbani peke yao. Shuka vimbweta hata kama huna diskasheni, maana ukikosa notisi au darasa likihamishwa utaambiwa na mtu wa kwenye kimbweta, sio na ubao wa matangazo. Kama wewe ni mtu wa dini vikundi vya dini vya wanafunzi vitakufata vyenyewe, TMCS ya Wakatoliki, USCF na CASFETA za Wakristo wengine, TAMSYA ya Waislamu, wiki ya kwanza wanapita mpaka mlangoni, na hata kama sio wa kuhudhuria sana ni watu wanaojua wapi kuna mama ntilie mzuri na nani ana ndoo ya ziada. Ila usiwe wa kwenu tu, nimeona watu wa mkoa mmoja wanakaa pamoja, wanakula pamoja, wanaongea kilugha miaka mitatu, wanaondoka hata jina la jirani wa ukutani hawalijui.

Hela ni fupi tu. Boom, yaani ile hela ya kujikimu ya mkopo wa bodi, ni elfu kumi kwa siku, linakuja la siku kama 60 kwa mkupuo, laki sita inasoma kwenye simu na unajiona bosi, ila hiyo hiyo ndo chakula, bando, nauli, fotokopi na kitanda. Na linaweza kuchelewa, kwahiyo njoo na akiba ya mwezi mzima, alafu usiseme chumba kizima una shilingi ngapi.

La mwisho ni kuumwa, na hili ndo nawasisitiza wadogo zangu mpaka wananichoka. Bima ya afya shughulikia mapema, wakati wangu tulikuwa tunalipa 50,400 kwa mwaka, na kadi rumeti ajue inakaa wapi. Alafu mpe namba ya nyumbani kwenu, aiandike na jina kabisa, mama yake fulani. Mwaka wa pili kuna mwenzetu mmoja mkimya sana alipandisha homa usiku saa tisa, anatetemeka mpaka deka inagonga ukuta, haongei kinachoeleweka. Hatujui kadi iko wapi, hatujui kwao ni wapi zaidi ya kwamba ni huko Sumbawanga. Wawili wakambeba mgongoni kwa zamu kwenda zahanati, mimi nikamshika kidole gumba nikafungua simu yake, nikatafuta, nikakuta "Mama", nikapiga, mama kapokea analia anauliza mko zahanati gani anakuja. Nikashangaa anakujaje usiku huu kutoka Sumbawanga. Kumbe ni mama ntilie wa getini anayemkopesha chakula, na kweli saa kumi na mbili asubuhi alikuwa pale na chupa ya uji. Mama yake mzazi alikuwa kamseivu "Bi Mkubwa", tulikuja kujua siku ya tatu.