Isake "sisi" kwenye taarifa kwa vyombo vya habari

Nilikaa miaka kwenye dawati la habari gazetini kabla ya kuhamia ofisi ya uhusiano, kwa hiyo taarifa hizi nimezipokea na nimezituma. Jioni kurasa zinafungwa, mhariri hana muda wa kukuandikia upya. Ukimletea "Tumefungua kiwanda cha kubangua korosho Mtwara" naye akaichapa hivyo, msomaji ataelewa gazeti ndilo lenye kiwanda. Nafsi ya tatu hutumika ili habari iingie ukurasani kama ilivyo.

Mtindo huu wa zamani. Oktoba 1906, huko Atlantic City, Marekani, treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini kutoka darajani, ikaua zaidi ya watu 50. Ivy Lee, mwanahabari aliyegeukia kazi ya uhusiano, aliwaandalia waandishi maelezo ya kampuni, na The New York Times ikayachapa.

Basi andika kama mwandishi wa habari. Anza na mji na tarehe, halafu jina kamili la kampuni na kilichofanyika. Ukimaliza, isake "sisi" ilikojibanza: tumezindua, walitutembelea, wateja wetu. Mimi hutafuta "tu" kwa kompyuta. Itakuletea na watu na viatu, vumilia. Humo humo angalia na "etu". Ukishasema kampuni imezindua, wateja nao wawe wake. Wengi husafisha aya ya kwanza tu, ya nne bado inaimba "huduma zetu".

Penye kazi hasa ni kwenye sifa. Ukiandika "kiwanda bora kuliko vyote Kusini" kwa nafsi ya tatu, unamtaka mwandishi akuapie kwa jina lake. Ataikata, na haki yake. Ipeleke kwenye nukuu ya mkurugenzi. Humo "tunajivunia" ni ruksa, maana anayejisifu anajulikana. Nukuu moja inatosha, mbili zikizidi. Kuna mabodi hutaka kila mjumbe anukuliwe; wapigie picha ya pamoja, yaishe.

Kuomba radhi nako kuwe ndani ya nukuu. "Kampuni inasikitika" haina mwenyewe, aseme mkubwa, kwa jina na cheo, "Tunaomba radhi."

Tangazo la kulipia ni habari nyingine. Nafasi umeinunua, jiite sisi mpaka uchoke.