Safu ya mkoa: andika TZ-18, achana na "MWZ"
Wenzangu mnaoingiza takwimu za vituo vya afya Kanda ya Ziwa, kwenye safu ya mkoa acheni vifupisho vya kujitungia kama MWZ au MZA, wekeni msimbo wa ISO 3166-2, yaani kiwango cha kimataifa cha misimbo ya mikoa ya kila nchi, kinachotolewa na ISO, shirika la kimataifa la viwango. Mwanza ni TZ-18, Mara TZ-13, Kagera TZ-05, Geita TZ-27. Vituo vyote vikitumia misimbo hiyohiyo, faili za Ukerewe na za Bukoba zinaungana bila mtu kukaa anakisia. Andikeni msimbo mzima. Mkibakiza 05 peke yake, Excel inakula sifuri na Kagera inabaki 5. Kuutumia msimbo ni bure, ila jedwali rasmi linalouzwa na ISO lina hakimiliki, msiligawe pamoja na mfumo wenu. Tengenezeni orodha fupi ya mikoa mnayohitaji, pembeni mwandike chanzo na tarehe. Inapokwama ni kwenye kumbukumbu za kabla ya 2012, wilaya ya Geita ilipokuwa bado mkoani Mwanza: hapo someni wilaya kwanza, ndipo mchague msimbo wa mkoa. Na mkitaka kufika ngazi ya kata, tumieni postikodi ya tarakimu 5.