Kabla hujala kiapo: kumchagulia paladini wako njia katika Baldur's Gate 3

Mara ya kwanza kucheza gemu ya Baldur's Gate 3 nilimchukua paladini, yaani mpiganaji anayepata nguvu zake kwa kiapo, na kiapo chenyewe nikakichagua kwa sababu ya mng'aro. Nilimwona mhusika wangu kasimama na deraya na ngao, nembo ya kiapo kiitwacho Devotion ikanikaa machoni, nikabonyeza bila kusoma mstari hata mmoja. Hazikupita saa mbili nikawa nimekivunja.

Ilikuwa hivi. Meli ikishaanguka ufukweni, mbele kidogo unamkuta Lae'zel, mpiganaji unayeweza kumchukua kikosini, kanaswa ndani ya tundu linaloning'inia, na chini yake wamesimama tieflingi (watu wenye pembe) wawili wenye woga. Nilimtaka Lae'zel, maana kwa upanga hana mchezo. Badala ya kuwabembeleza wale wawili waondoke zao, nikaona ya nini maneno mengi, nikawashambulia. Walilala chini upesi. Papo hapo gemu ikaniarifu kwamba kiapo changu kimevunjika. Kufika kambini nikamkuta jamaa mmoja wa deraya nzito ananisubiri, sauti yake kama inatoka kisimani. Hakunifokea. Alinipa njia mbili: nibaki mvunja kiapo, au nimlipe dhahabu 1,000 kiapo kirudi. Mfukoni sikuwa na hata 200.

Naandika haya ili wewe uchague kwa akili kuliko mimi.

Shida inaanza hapa: katika kanuni za mezani za Dungeons & Dragons za mwaka 2014, ambazo gemu hii imejengwa juu yake, paladini hula kiapo akifika ngazi ya 3. Gemu hii inakulisha kiapo ngazi ya 1, kabla hujamjua mtu wala hujashika upanga. Ndiyo maana watu wengi hukimbilia kulinganisha namba. Namba nitazitaja, ila zisiwe za kwanza. Vita utashinda kwa kiapo chochote, kiwe Devotion, Ancients, Vengeance au Crown. Kinachotofautiana sana ni mazungumzo, na humo ndimo viapo vinamovunjikia. Anza kwa kujiuliza swali moja: adui akianguka magotini mbele yako akaomba roho yake, wewe, siyo mhusika, huwa unabonyeza jibu gani?

Ukiwa mtu wa kumwacha aende, una Devotion na Ancients. Ukiwa mtu wa kummaliza, nenda Vengeance, usijidanganye.

Vengeance ni kiapo cha kisasi, na wengi hudhani kisasi maana yake ni ruhusa ya kufanya lolote. Sivyo. Kina ukali wake, ila unaelekea upande mwingine: hapa kosa ni huruma. Mdogo wangu alicheza nacho tukiwa wawili kwenye skrini moja. Akafika kwenye makazi ya druidi, wale wachawi wa msituni, akamwona Sazza, yule goblini aliyefungiwa kizimbani. Akamhurumia, akamtoa. Kiapo kikavunjika hapo hapo, naye akabaki anauliza, "Sasa nimekosa nini? Si nimefanya wema?" Ndiyo, umefanya wema, na umeapa kutofanya wema wa aina hiyo.

Kwa upande wa vita, lakini, Vengeance ndicho ninachompa mtu yeyote anayetaka kupiga. Ngazi ya 1 unapata uwezo wa kuongezea silaha madhara ya nuru kulingana na haiba yako (moja ya namba za mhusika), na unaweza kumpa mwenzako badala yako. Ngazi ya 3 kinakuja Vow of Enmity: unamteua adui mmoja, kisha kila ukimpiga unarusha kete mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Inadumu raundi 10, yaani kwa majitu makubwa ni vita nzima. Ngazi ya 5 inakuletea Misty Step ya kuruka kwa mbali, pamoja na Hold Person, na hiyo ya pili isome taratibu. Binadamu au elfi aliyegandishwa nayo, ukimpiga kwa karibu, kila pigo linalompata ni pigo kuu. Na pigo kuu linazidisha mara mbili kete zote za pigo takatifu, lile ambalo paladini huteketeza nafasi ya uchawi ili kuongeza madhara. Nilimwona mdogo wangu akimaliza vita moja kabla zamu yangu haijafika, nikabaki nimeshika kidhibiti kama mgeni.

Ancients nimekipenda kwa uzee. Ni kiapo cha kulinda uhai na kuacha nuru iwake, na wengi hukiruka kwa kuwa hakina makelele. Kinaponya wewe na walio karibu nawe tangu ngazi ya 1. Ngazi ya 3 unaweza kuongea na wanyama, jambo linaloonekana la kitoto mpaka uanze kuulizauliza kila kiumbe unachokutana nacho. Utamu wake uko ngazi ya 7: wewe na wenzako mlio karibu, kila madhara ya uchawi yanakatwa nusu. Soma tena. Mchawi anarusha mpira wa moto katikati yenu, nyote mnaungua nusu. Kama unacheza hali ya Honour, ambayo ina sehemu moja tu ya kuhifadhi mchezo na kikosi chote kikifa hali hiyo imekwisha, mimi ningechukua hiki bila kufikiri mara mbili.

Devotion ni kiapo cha mtu mnyoofu: ukweli, ujasiri, huruma, heshima. Ngazi ya 3 kinakupa Sacred Weapon, inayoongeza haiba yako kwenye kete ya kupiga. Hiyo inafaa ukibeba upanga wa mikono miwili na ukachukua Great Weapon Master, inayokupunguzia 5 kwenye kete ili ikupe 10 kwenye madhara. Ukiwa na haiba ya 16, ambayo huongeza 3 kwenye kete, zile 5 unarudishiwa 3. Ngazi ya 7, wewe na walio karibu hamrogwi akili. Nzuri, ila kwa maoni yangu haifikii ile nusu ya Ancients.

Crown kiliongezwa na toleo la 8 la marekebisho, Aprili 2025. Ni cha mtu wa sheria na wa kusimama mbele: kinalazimisha maadui wakukabili wewe, na baadaye unaweza kupokea madhara badala ya mwenzako. Ukicheza na marafiki kinapendeza. Ukicheza peke yako, sioni haraka.

Mvunja kiapo humkuti kwenye orodha. Anapatikana kwa kuvunja tu, kama nilivyofanya mimi bila kujua. Anatawala wafu wanaotembea kuanzia ngazi ya 3, na ngazi ya 7 haiba yake inaongezwa kwenye madhara ya silaha za karibu, yake na ya mashetani na wafu walio jirani. Raha yake kubwa ni kwamba hana tena cha kuvunja. Ukijijua kwamba mkono wako unatangulia kila mara, vunja mapema, kwa makusudi, ustarehe.

Sasa mambo ambayo hayabadiliki uchague kipi. Kwenye kugawa pointi mimi huweka nguvu 17, haiba 16, ustahimilivu 14, wepesi 10, na yaliyobaki 8. Haiba usiipunje, kwani ngazi ya 6 inaingia kwenye kete za kujinusuru (zile za kukwepa uchawi na hatari) za kikosi chote kilicho karibu nawe. Pigo takatifu linakuja ngazi ya 2: kete mbili za pande 8 kwa nafasi ya chini kabisa ya uchawi, na moja zaidi ukimpiga shetani au mfu. Nafasi hizo hazirudi mpaka mlale usiku mzima, bali uwezo wa kiapo unarudi hata kwa mapumziko mafupi, ambayo mnayo mawili kwa siku. Kwa hiyo nguvu za kiapo tumia bila ubahili.

Kuiba, kwa taarifa yako, hakujawahi kunivunjia kiapo. Nimepekua mifuko ya watu nikiwa Devotion na mbingu zikanyamaza. Balaa ni ukishikwa ukaamua kupigana na mwenye mali. Kanuni yangu: usimpige wa kwanza mtu ambaye hajawa mwekundu kwenye skrini, yaani hajawa adui. Kama una kompyuta, bonyeza F5 kuhifadhi mchezo kabla ya kila mazungumzo yanayonuka.

Ukiona umekosea kuchagua, Withers, yule mzee mkavu wa kaburini, atakupanga upya kwa dhahabu 100. Mtafute mapema kwenye handaki chini ya magofu, ingawa ukimkosa atakuja mwenyewe kambini.

La mwisho ni la kwenye menyu. Fungua sehemu ya miitikio, na pigo takatifu liweke likuulize kila unapompata mtu. Lisipouliza utakuwa unabonyeza kitufe chake kabla ya kujua kama pigo ni la kawaida au kuu. Mimi huwa nasubiri. Kete ikitua 20, kidirisha kinafunguka, nafasi kubwa kuliko zote niliyonayo inakwenda hapo.