Kukwea Mnazi Bila Kushambuliwa na Nyuki, Nyigu na Majimoto

Minazi mirefu ya mwambao, kuanzia Tanga na Pangani hadi Bagamoyo, inaweza kupita mita 20. Huko juu, mara nyingi hatari si sumu ya nyigu mmoja. Hatari ni mkono unaoachia shina ili kumpiga. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika ukiwa bado chini.

Hatua ya 1: Chagua saa. Anza saa 12 na nusu asubuhi, umalize kabla ya saa 3. Baridi huwazubaisha nyuki. Lakini shina likiwa limelowa umande au mvua, ngoja likauke hata kama muda unakwenda.

Hatua ya 2: Tazama kilele. Simama hatua kumi kutoka shinani, jua likiwa mgongoni kwako, utazame dakika 5 nzima. Nyuki waliotawanyika kwenye maua wanatafuta chakula tu, hawana nyumba ya kulinda. Wakipishana kwa mstari mmoja kuingia na kutoka kwenye tundu la shina au kati ya makuti, hapo wameweka makao. Mnazi huo usiukwee, mwite mrina asali. Kundi lililoning'inia kama kishada huenda limetua kupumzika, nalo mara nyingi huondoka lenyewe baada ya siku chache. Mnazi unaogemwa tembo, yaani pombe ya mnazi, uchunguze mara mbili, kwa sababu utamu wake huvuta nyuki na nyigu.

Hatua ya 3: Vaa shati la mikono mirefu la rangi nyeupe au hafifu, na kofia inayofunika masikio. Nyuki hukasirikia rangi nyeusi. Usijipake marashi.

Majimoto, yaani sisimizi wakali wa mitini, yana hesabu yake. Hayachomi kwa mwiba. Huuma kwa meno, kisha hunyunyiza asidi penye kidonda. Paka majivu ya kuni makavu shingoni, kwenye vigasha na juu ya nyayo, yasipate pa kushika. Usipake viganjani wala chini ya nyayo, utateleza. Na tafadhali usiyaue kwa dawa! Majimoto huwinda kunguni wa minazi, mdudu anayenyonya vidaka (nazi changa) na kuvidondosha kabla ya wakati. Ukiyamaliza, mavuno yako ndiyo yatakayolipa.

Hatua ya 4: Ukikaribia kilele, simama kwenye kidato kilicho chini ya makuti kiasi cha urefu wa mkono. Sikiliza. Angalia upande wa chini wa kila kuti, kwa kuwa nyigu hutundika huko kiota cha kijivu kinachofanana na karatasi. Ukikiona, shuka taratibu. Usikichome moto: makuti makavu hushika upesi, na mnazi una kichipukizi kimoja tu cha kukulia. Kikiungua, mti umekufa.

Kabla ya kutia mkono kwenye kwapa la kuti, chokoa kwanza kwa ncha ya panga. Tandu na nge hupenda kulala humo.

Hatua ya 5: Ukiumwa ukiwa juu, kumbatia shina, inamisha kidevu, fumba mdomo na ushuke kwa mwendo uleule uliopandia. Usipige. Mwiba wa nyuki hutoa harufu inayowaita wenzake, na nyuki aliyepondwa huzidisha wito huo. Ukifika chini, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba, ufunge mlango. Usijitose majini, kwani nyuki wanaweza kukusubiri utoe kichwa.

Ng'oa miiba papo hapo, kwa ukucha au mgongo wa kisu. Haraka ni muhimu kuliko namna ya kuing'oa, maana kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Osha kwa sabuni, kisha weka kitambaa cha maji baridi. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, kizunguzungu kikikushika, au miiba ikiwa mingi, nenda hospitali wakati huohuo. Aliyewahi kupata dalili hizo asikwee tena, kazi yake iwe kukusanya nazi chini.